Mbuzi ya mama usiku wa kuamkia Idi

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwezi umeandama, takbira zinasikika kutoka msikitini, nami nawapa mkono wa Idi ndugu zangu nyote, mlio karibu na mlio mbali, hadi nyinyi wa Maskati mnaosikukuu bila ya wazee wenu. Taqabbala Llahu minna wa minkum. Mola azipokee funga zetu na visimamo vyetu, na waliofunga nasi mwaka jana na leo hawapo awarehemu.

Usiku kama huu, nyumbani kwetu Ng'ambo, Unguja, hapakuwa na chombo kilichotembea kama mbuzi ya nazi ya mama. Mbuzi ya mti mzito, imeng'ara kwa kukaliwa, na meno yake mama akiyanoa mwenyewe kwa tupa Shaabani inapokwisha. Isha ikishaswaliwa tu, mtoto wa kwanza yuko mlangoni: "Hodi! Mama kakusalimu, anaomba mbuzi." Mama alimpa, wala hakumuuliza itarudi saa ngapi. Ikitoka nyumba hiyo ilipitiliza ya pili, kisha ya tatu, na sisi tunaisikia inakuna uani kwa watu. Nazi zetu wenyewe zimeshavunjwa, zimefunikwa kawa, zinangoja hadi saa saba za usiku.

Mimi nilikuwa nikinuna. Mwaka mmoja nikamwambia aifiche uvunguni, aseme imevunjika. Hakunigombeza. Aliniambia nimsomee sura ya "Araaita", yaani Suratul-Maaun. Nikaisoma mbio mbio kama tulivyozoea kwenye chuo cha Qur'ani, aya zote saba, nikamalizia "wa yamnauna l-maaun". Akaniuliza, "Maaun ni nini?" Sikujua. "Basi ndiyo hiyo mbuzi," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Niliyakuta baadaye sana, nimeshakuwa mtu mzima, katika kitabu cha hadithi, Sunan ya Abu Dawud, maneno ya sahaba Abdullah ibn Masoud: kwamba zama za Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, wao wakihesabu kuwa maaun ni kuazimana ndoo na chungu. Wako wanavyuoni waliolifasiri neno hilo kuwa ni zaka. Mama hakuwahi kukifungua kitabu hicho, lakini alikuwa pamoja na Ibn Masoud. Na kila nikiisoma sura hiyo nasita pale mwisho. Inaanza na mwenye kuikadhibisha dini, anayemsukuma yatima na asiyehimiza maskini alishwe, inawapitia wanaoswali huku wameghafilika na swala zao, wanaojionyesha kwa watu, halafu inakwenda kusimama jikoni, kwa wanaonyima vyombo.

Zakatul-Fitri haina mjadala: pishi moja, vibaba vinne, kama kilo mbili na nusu hivi za mchele, kwa kila kichwa nyumbani, mpaka mtoto mchanga. Na itoke kabla watu hawajakwenda kuswali Idi. Ambaye bado, aache kusoma hapa akapime. Hiyo ni wajibu. Ninayotaka kuzungumza nanyi ni ile ya hiari, isiyo na kipimo. Mtume ametufundisha kuwa kila kiungo cha mwanadamu kinadaiwa sadaka kila siku jua linapochomoza, na alipozitaja sadaka zenyewe alitaja kusuluhisha wawili, kumsaidia mtu kupakia mzigo wake, neno zuri, kuondoa chenye kudhuru njiani. Katika zote hizo hamna shilingi.

Na neno zuri hilo ndilo linalonitia uchungu zaidi. Ramadhani iliyopita nilikuwapo mahali panapogawiwa futari. Vyakula vilikuwa vingi, na waliovitoa Allah awalipe. Lakini kila anayepokea alisimamishwa apigwe picha na mfuko wake. Bibi mmoja alipofikiwa alivuta ukaya akajifunika uso, na kijana mwenye simu akamwambia, "Bibi, funua kidogo." Bibi akafunua. Mchele wa siku mbili, na uso wake mpaka leo unazunguka kwenye simu za watu asiowajua. Qur'ani katika Suratul-Baqara imeshasema kwamba kauli njema na kusamehe ni bora kuliko sadaka inayofuatwa na udhia. Nawaomba ndugu zangu mnaogawa: pigeni picha magunia, inatosha.

Muuza duka wa mtaani kwetu alinisimulia kingine. Mwezi huohuo alikuja mtu usiku, baada ya tarawehe, akaomba lifunguliwe daftari la madeni kwenye ukurasa wa mama mmoja mjane. Akalipa sukari, unga, sabuni na mafuta ya taa, vyote, kisha akamshika mkono mwenye duka: usinitaje. Mama yule alipokuja na noti zake mbili zilizokunjwa apunguze deni, akaambiwa hadaiwi. Alisimama pale kaunta, akazikunjua noti, akazikunja tena. Mwenye duka mpaka leo hajalitaja jina, na mimi sikumuuliza. Mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia, ndivyo hadithi inavyosema juu ya mmoja wa wale watu saba watakaokuwa katika kivuli cha Allah siku ya Kiyama.

Siku hizi watu wana blenda, na tui liko dukani kwenye pakti. Hodi zimepungua, na nahisi tunaoneana haya hata kuombana chumvi. Ila maji yakikatika mtaani, mwenye tangi anajulikana. Mwenye gari anajulikana mgonjwa akizidiwa usiku. Katika sadaka alizozihesabu Mtume imo ya kummiminia ndugu yako maji kutoka ndoo yako kwenda yake, na sioni kuwa ya tangi ni tofauti.

Kesho watoto watapita na nguo mpya kuomba mkono wa Idi kabla ya kukimbilia viwanja vya sikukuu Mnazi Mmoja. Wapeni, hata kidogo, na mwataje majina.

Mbuzi ya mama sasa iko kwangu. Ninapoandika haya haipo ndani, imechukuliwa baada ya Isha na mtoto wa nyumba ya tatu, na nadhani imeshapitilizwa, maana naisikia upande wa nyuma. Nazi zangu nne zimevunjwa, ziko chini ya kawa.

Idi Mubarak.