Parasite nimeiona, sasa zamu yako

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, kazi zinakwenda. Hayo mengine tutaongea siku nyingine, leo nina filamu kifuani.

Parasite ya Bong Joon-ho nimeitazama. Ulivyokuwa ukiisifu nilidhani unatia chumvi. Najua ilibeba Oscar ya filamu bora mwaka 2020, ya kwanza isiyo ya Kiingereza, lakini mimi kilichonimaliza ni ile mvua. Baba maskini na wanawe wawili wanashuka ngazi usiku, ngazi hazishi, maji yanawatangulia, wanafika kwao wanakuta chumba kinaelea. Kesho yake mama tajiri yuko kiti cha nyuma, miguu juu, anaongea na simu: mvua ya jana ilikuwa baraka. Dereva wake, yule yule baba, aliyelala sakafuni kwenye ukumbi wa michezo pamoja na wenzake waliofurikiwa, anaendesha kimya. Halafu mama wa watu anaziba pua na kufungua dirisha! Hapo nilisimamisha filamu nikazunguka chumba kwanza.

Ila damu ya kwenye sherehe, samahani, sikuihitaji. Lile dirisha lilikuwa limeshasema yote.

Ya vita uliyonitumia niliiachia njiani. Mabomu matupu.

Sasa sikiliza, wewe unayedai filamu zisizo na rangi zinakuletea usingizi: tafuta Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, ya 1948. Roma, vita vimekwisha, ajira hakuna. Baba anapata kazi ya kubandika matangazo, sharti awe na baiskeli, na yake iko rehani. Mke hasemi mengi, anavua mashuka kitandani wakayaweke rehani waikomboe. Sasa mtazame mfanyakazi wa pale anavyoyapeleka: anapanda rafu, anapanda tena, na kumbe mafurushi ya mashuka ya watu yamejaa mpaka darini. Hakuna anayetamka neno kuhusu umaskini wa mji ule. Siku ya kwanza kazini baiskeli inaibwa, na kuanzia hapo ni baba na mwanawe Bruno wanaitafuta kwa miguu. Huyo baba, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, si mwigizaji. Ndiyo maana hata anavyotembea unamwamini.

Mwisho sikwambii. Ukimaliza nipigie, hata kama ni usiku wa manane.

Wako,
Swahiba