Tusiishie kwenye albamu moja ya Robin Trower

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wapenzi wa gitaa wasiishie kwenye "Bridge of Sighs" ya mwaka 1974, ingawa ndiyo albamu iliyompatia mpiga gitaa Robin Trower wa Uingereza jina kubwa. Waanzie nyuma kidogo, kwenye "Twice Removed from Yesterday" ya 1973, aliyoitoa baada ya kuliacha kundi la Procol Harum, wasikilize jinsi noti moja inavyovutwa, ikatetemeka, kisha ikaachwa ipotee polepole chini ya sauti nzito ya James Dewar, mwimbaji ambaye, kwa maoni yangu, hakupewa heshima aliyostahili. Kisha wavuke hadi "Seven Moons" ya 2008, alipoungana tena na mpiga besi na mwimbaji Jack Bruce: mwendo umetulia, lakini mkono ni uleule.

Msomaji wenu,
Tanga