Bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani: tafadhali thibitisheni

Ndugu wanakikundi, salaam kwenu nyote.

Alhamisi ya Sikukuu ya Shukrani tutakula pamoja nyumbani kwetu hapa Columbus, saa 8 mchana. Bata mzinga ni wa kilo 7 na ameganda kama jiwe. Kwa kuwa kila kilo 2 huhitaji takriban siku nzima ndani ya friji ili barafu iyeyuke, nitamtoa kwenye friza Jumapili asubuhi na kumweka rafu ya chini kabisa, ndani ya sinia lenye kina. Naomba asiwepo wa kunishauri nimwache mezani usiku kucha: mwaka jana tulifanya hivyo, nje akawa vuguvugu na tumboni bado barafu, tukaishia kula wali na maharage.

Ataingia ovenini saa 3 asubuhi kwa nyuzi 325 za Fahrenheit, kwa muda wa saa 4 hivi, na hatatolewa mpaka kipimajoto kisome 165 pajani.

1. Mchango ni dola 15 kwa kila familia.
2. Mwenye kipimajoto cha nyama akilete, changu kimevunjika.
3. Wapishi wa pilau wanajijua.

Tafadhali jibuni hapa, pamoja na idadi ya watu wenu, kabla ya Jumamosi jioni.