Mwanangu, ile nadharia yako ya mvutano

Shela, Malindi

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, mamako na nduguzo wanakusalimu. Karatasi zako zilifika, nikazisoma taratibu maana mwandiko wako bado ni ule ule wa kuku.

Unasema mvutano, yaani graviti, huvuta vitu vilivyo karibu, ila ukifika mbali sana hugeuka msukumo, ndiyo maana galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, zinakimbiana. Si dhana ya kuchekwa. Mwaka 1917 Einstein mwenyewe aliingiza katika milinganyo yake kitu kinachosukuma, ambacho nguvu yake huzidi kadiri umbali unavyozidi. Alitaka ulimwengu usijiporomokee, kwani zama hizo iliaminika kuwa umetulia tuli. Mwanafalaki Hubble alipoonyesha mwaka 1929 kwamba galaksi zilizo mbali zaidi ndizo zinazotukimbia kwa kasi zaidi, Einstein akakiacha. Kisha mwaka 1998 makundi mawili ya wanasayansi waliokuwa wakipima supanova, nyota zinazolipuka, za mbali yakakuta kutanuka huko kunaongeza kasi, na kile kitu kikarudishwa. Basi hodi uliyopiga, nyumba ina watu.

Ninachokudai ni namba. Kurasa zote zile, hata moja haina! Mvutano unageukia wapi? Andromeda, galaksi jirani yetu, iko umbali wa miaka ya nuru kama milioni 2.5 (mwaka wa nuru ni mwendo wa nuru kwa mwaka mzima), nayo haitukimbii, inatujia, kilomita zipatazo 110 kila sekunde. Ukisema unageuka kabla ya hapo, umekwisha. Ukisema ni mbele zaidi, taja wapi, na namba hiyo uitumie kwa galaksi zote, usiibadilishe kila inapokubana.

Tazama bamvua, maji makuu ya bahari. Jua huivuta dunia kwa nguvu inayozidi ya mwezi zaidi ya mara 170, lakini maji yetu hapa humfuata mwezi. Mtu angesema Newton kashindwa. Kumbe kinachoinua maji ni ile tofauti ya mvuto kati ya upande wa dunia unaoelekea mwezini na upande wa pili, na tofauti hiyo hupungua upesi mno: umbali ukiongezeka mara mbili, inabaki sehemu moja ya nane. Piga hesabu, utakuta mwezi unalishinda jua kwa zaidi kidogo ya mara mbili. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, vyote viwili vinavuta kwa mstari mmoja, na maji yakitoka wavua pweza wanatembea juu ya mwamba, maji hayafiki kifundo cha mguu, kijiti mkononi wakichokoa kila tundu. Wiki moja baadaye ni maji mafu, wanakaa barazani. Yote hayo yamo katika kanuni moja ya Newton ya mwaka 1687, haijatiwa kiraka. Nadharia ya namna hiyo ndiyo ninayoitaka kwako.

Ule ukurasa wa mwisho, unaposema nuru huchoka njiani, yaani hupungukiwa nguvu, uchane. Mwanafalaki Fritz Zwicky alishalisema hilo mwaka 1929. Nuru ikichoka ingekuwa nyekundu, sawa, lakini supanova za mbali hazina wekundu tu, huchelewa kufifia pia: ile ambayo mawimbi ya nuru yake yamerefuka mara mbili, huchukua muda mara mbili. Uchovu wa nuru hauwezi kuchelewesha mlipuko. Kutanuka kwa ulimwengu kunaeleza yote mawili.

Na lile neno lako kwamba mambo ya anga si ya watu wa kwetu, limenikera. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano baharini, hapo Ngomeni, ikibeba setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa ya kwanza kutumwa kwa kazi ya kupima eksirei za angani peke yake, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 vilisaidia kuwaaminisha wanasayansi kwamba pale pana shimo jeusi, kitu chenye mvutano ambao hata nuru haiponyoki. Unataka mvutano mkali kuliko huo?

Anza na Andromeda, kisha kundi la galaksi za Virgo, lililo miaka ya nuru zaidi ya milioni 50 kutoka hapa na linalotukimbia kwa takriban kilomita 1,000 kwa sekunde. Niandikie mlinganyo mmoja utakaozikubali zote mbili, uje nao likizo. Nauli nitakutumia kwa simu mwisho wa mwezi.

Ni mimi babako.