Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya vijana: tuhakikini mara moja tu

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni fundi seremala, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, na kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikiwafundisha skauti mafundo, huduma ya kwanza na kupiga kambi. Silipwi na sijawahi kuomba kulipwa. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu barua zangu mbili kuhusu sisi wa kujitolea kuhakikiwa upya kila tunapovuka mkoa, zilizopita njia ya kawaida, hazikujibiwa, na kwa sababu ya yaliyotupata Jumamosi iliyopita.

Tuliondoka alfajiri, watu wazima wanne, kwenda wilaya moja ya mkoa jirani. Huko yupo mwalimu mwenye vijana thelathini na sita na hana wa kumsaidia. Nilibeba bandeji za pembetatu ambazo mke wangu alizishona kwa shuka kuukuu, magango niliyoyaranda mwenyewe, na manila mita arobaini. Tulikuta vijana wameshafagia chini ya mbuyu, skafu zimepigwa pasi. Nikaanza na kitanzi kisichojikaza, kile cha kumshushia majeruhi.

Hata nusu saa haikuisha. Akaja afisa, akaomba kibali. Nikampa barua ya mtendaji wa kata, utambulisho wa halmashauri, na hati ya tabia njema ya polisi niliyoipata baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Alizisoma zote, akanirudishia.

"Hizi za Dodoma, mzee. Huku mnaanza upya."

Simlaumu, alifuata alichoelekezwa. Lakini binti mmoja, kama wa miaka kumi na miwili, alitufuata hadi kwenye basi, kamba mkononi, kitanzi kimeishia katikati. "Babu, hii ncha inapita juu au chini?" Nilimwonyesha mara moja tu pale mlangoni huku konda akigonga bodi. Sijui kama alishika.

Mheshimiwa, Jeshi la Polisi ni moja nchi nzima. Namba yangu ya NIDA, ya kitambulisho cha Taifa, ni ileile niwe Kongwa, Manyoni au Iringa. Sasa uaminifu wangu unaishiaje mpakani mwa mkoa? Nadhani kila ofisi inaogopa kubeba lawama ya mtu aliyehakikiwa na ofisi nyingine. Kama ndivyo, woga huo ninyi ndio wenye uwezo wa kuuondoa.

Usinielewe kwamba nataka milango iachwe wazi. Nina wajukuu. Tuna Sheria ya Mtoto tangu 2009, na mtu mzima yeyote anayewakaribia watoto achunguzwe, tena kwa ukali. Ila utaratibu huu wa kuanza upya kila mahali hauwalindi. Mtu mbaya akifukuzwa mkoa mmoja, anavuka kwenda mwingine na kufungua jalada jipya, safi, maana rekodi yake haikumfuata. Anayechoka na kuacha ni yule mwema. Ninamfahamu mama mmoja mtumishi aliyehamia hapa Serikali ilipohamia Dodoma. Dar es Salaam alilea vikundi vya wasichana miaka minane. Hapa aliambiwa alete barua, kisha nyingine, kisha arudi Jumatatu. Alirudi Jumatatu nyingi. Siku hizi Jumamosi yuko nyumbani.

Na sisi tunaobaki tunalipia. Picha za pasipoti, kudurufu, nauli, na siku nzima kwenye benchi la ofisi ni siku ambayo randa yangu imelala na mteja ananidai kitanda chake.

Mwaka juzi, Desemba 5, Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, mgeni rasmi alituahidi mbele ya umati utaratibu mmoja wa nchi nzima, ndani ya miezi sita. Nilikuwa mstari wa pili. Nilipiga makofi kwa moyo wote, kwa sababu nilimwamini. Miezi sita ilipita, ikapita mingine sita.

Ninachokuomba ni kimoja. Tuhakikini mara moja, kwa ukali wowote mtakaoona unafaa, kibali kifungamane na namba ya NIDA, kihuishwe kila baada ya muda mtakaopanga, na halmashauri zote zikitambue. Akikosea mtu, afutwe kila mahali kwa siku moja. TAMISEMI, inayosimamia halmashauri hizo, ipo hapahapa Dodoma. Kaeni pamoja mtoe waraka. Mara moja tu, Mheshimiwa. Tuhakikini mara moja.

Jana mwalimu yule alinipigia simu. Anauliza kama likizo ya Juni tutaweza kwenda, maana vijana wanaulizia. Nimemwambia nasubiri jibu lako.

Wako katika kulitumikia Taifa,

Fundi seremala na kiongozi wa kujitolea wa skauti,
Nkuhungu, Dodoma