Kwa Nini Mguu wa Bandia Unapwaya Baada ya Miezi Michache

"Mmemuuzia mzee wetu mguu feki." Tumeambiwa hivyo tena wiki iliyopita, safari hii na kijana ambaye baba yake alichukua mguu wa bandia kwetu miezi mitano nyuma. Siku ya kuuchukua ulikaa vizuri kabisa, mzee akatembea kwenye vyuma vya mazoezi huku akitutania kwamba sasa anaoa tena. Leo unapwaya, unalia kwach kwach kila akipiga hatua, na umemchubua chini ya goti. Kijana anataka pesa zirudi.

Mguu uko vilevile kama ulivyotoka karakana. Kigutu ndicho kimepungua.

Mguu ukikatwa, nyama inayobaki hujaa maji. Uvimbe ule unashuka kadiri wiki zinavyokwenda, na misuli iliyokuwa ikichezesha kifundo na unyayo, kwa kuwa haina kazi tena, inanywea. Miezi ya mwanzo kigutu kinapungua haraka, kisha polepole, na kwa baadhi ya watu hakitulii mpaka mwaka au mwaka na nusu upite. Soketi, yaani lile bakuli la plastiki linalopokea kigutu, ni ngumu na haipungui pamoja nacho. Ndiyo maana kila mteja mpya tunamwambia soketi ya kwanza ni ya muda, na tunaandika kwenye risiti. Risiti inakunjwa, inawekwa kwenye Biblia au kabatini, na haisomwi tena.

Soketi ya chini ya goti tunayotengeneza inafuata mtindo uliotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla ya hapo watu wengi walibeba mguu kwa mkanda mpana wa ngozi uliofungwa pajani, wenye bawaba za chuma pembeni mwa goti. Watafiti wa chuo hicho, kina Charles Radcliffe na James Foort, wakaonyesha kwamba uzito unaweza kubebwa na kigutu chenyewe, mradi uwekwe panapovumilia. Kano iliyo chini ya kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti, inavumilia. Ncha ya mfupa wa muundi haivumilii, wala kichwa cha ule mfupa mwembamba wa pembeni. Kwa hiyo kalibu la plasta, yaani sanamu ya kigutu tunayofinyangia soketi, tunalichonga mahali pa kubeba na kuliongezea plasta mahali pa mfupa, kwa mkono, na hapo ndipo fundi anapojulikana. Sasa kigutu kikipungua kinazama. Kikizama upana wa kidole tu, mfupa unafika mahali palipochongwa kwa ajili ya kano. Yale machubuko ya mzee yanatoka hapo.

Dawa ya kwanza ni soksi za kigutu, tulizompa. Unaongeza moja, ukiona bado unazama unaongeza nyingine. Ukifikisha soksi tatu nene na mguu bado unacheza, usiongeze ya nne. Njoo.

Watu hawaji. Wanatia sponji ya godoro. Wanakwenda kwa fundi viatu anayegundisha raba ndani ya soketi kwa gundi ya viatu, na anafanya kazi safi kweli, tatizo hajui mfupa uko wapi. Dereva mmoja wa bodaboda alituletea soketi yenye tabaka tatu za raba na kitambaa cha jinzi juu yake. Ilikuwa ikimkaa vizuri asubuhi, mchana jasho na joto vikaifanya inate kama gundi. Ana kisukari na ngozi yake ina ganzi, kwa hiyo kidonda alikiona kwenye soksi kabla ya kukisikia. Alikaa bila mguu, na bila kazi, mpaka kidonda kikapona, na gharama ya siku hizo ilizidi mbali bei ya soketi mpya. Wapo pia wanaorithi mguu wa marehemu. Bomba linalounga soketi na unyayo, na unyayo wenyewe wa marehemu, vinaweza kufaa, lete tuvipime. Soketi yake haikufai hata kama mlikuwa mapacha.

Na jambo la mguu kukaa vizuri asubuhi na kupwaya jioni nalo liko wazi kitaalamu. Huko Seattle, Marekani, mtafiti Joan Sanders na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington hupima maji ya kigutu kwa kupitisha umeme mdogo sana kwenye ngozi wakati mtu amevaa mguu wake. Wameona kigutu kinabadilika ujazo ndani ya siku hiyohiyo, na kwamba kuvua mguu kwa muda wakati wa mapumziko kunasaidia maji kurudi. Kwa hiyo mama muuza mboga, ukikaa kwenye meza yako saa sita, vua mguu. Wateja wako wameshauona.

Kuna lalamiko lingine linalofanana na hili ila si lake: "Soketi inanibana vidole." Vidole havipo. Maumivu yapo, si uongo na si kurogwa. Ubongo bado unausikia mguu uliokatwa. Mtu wa namna hii akikuomba umlegezee soketi ukakubali, umeharibu soketi nzuri na maumivu yako palepale. Tunamkalisha mbele ya kioo kirefu kilichowekwa katikati ya miguu, achezeshe mguu mzima huku akitazama taswira yake. Mwaka 2007 madaktari wa hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, Marekani, walichapisha jaribio la wiki nne, dakika 15 kila siku. Waliotazama kioo wote maumivu yalipungua. Walikuwa sita tu katika kundi lile, kwa hiyo hatuahidi muujiza, lakini kioo ni bei rahisi na hakina madhara ya dawa.

Viatu, kwa ufupi: mguu tunaupanga kwa kiatu ulichokuja nacho. Dada mmoja alipimwa na ndala, akaenda harusini na kisigino kirefu, goti likawa linasukumwa mbele usiku kucha, Jumatatu akatuletea kesi. Na ninyi mnaouguza nyumbani, ondoeni mto chini ya goti la mgonjwa. Najua anaona raha. Goti likizoea kukunjwa linakakamaa, na soketi ya goti lililokakamaa ni kazi nyingine kabisa, na bei nyingine.

Tuje kwenye bei, maana najua ndiko mlikokuwa mnanisubiri. Mnatuambia ule mguu wa Kihindi ni rahisi zaidi. Mguu wa Jaipur tunauheshimu: ulibuniwa mwaka 1968 na fundi Ram Chandra Sharma pamoja na daktari P. K. Sethi, watu wapate unyayo wa raba wa kutembelea peku, kuchuchumaa na kuingia shambani. Polipropilini, ile plastiki tunayotumia, nayo ni teknolojia ya bei nafuu, iliyosambazwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu kwenye nchi za vita na mabomu ya ardhini. Kwa hiyo hatuuzi anasa. Unacholipia kwetu ni kipimo, plasta, uchongaji, soketi ya majaribio, kutembezwa mpaka mwelekeo ukae sawa, na marekebisho ya mwaka mzima bila kutoa senti. Anayekuuzia nusu bei muulize swali moja: mwezi wa tano nitakukuta wapi?

Yule mzee aliletwa juzi. Tumemfunga plasta upya. Soketi mpya haimo kwenye marekebisho ya bure, lakini bomba na unyayo ni vilevile, kwa hiyo amelipia soketi peke yake, na kwa awamu mbili. Kijana wake bado ananuna kidogo. Wengine mnaopwaya, marekebisho ni Jumanne na Ijumaa asubuhi. Njooni na kiatu mnachovaa kila siku na soksi zote, hata zilizotoboka.