Mashine imeandika eti mama anauza matokeo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini nitoe dukuduku langu, maana nikimwambia supavaiza wangu anacheka tu. Nasoma masta hapa Kampala, utafiti wangu ni Kiswahili cha wachuuzi sokoni, na kila semina tunaimbiwa wimbo ule ule, tumieni zana za kidijitali, zitawaokolea muda. Muda wa nani sijui.

Nilimrekodi mama mmoja soko la Kalerwe, mzaliwa wa Arua, Kiswahili chake kitamu, anakichanganya na Luganda kama wengi wetu huku. Saa nzima. Nikaiingiza ile sauti kwenye programu ya kugeuza maongezi kuwa maandishi, nimelipia kwa dola zangu mwenyewe, na bando la kupandishia faili ni langu pia (tulitolewa kwenye OTT, ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, tangu Julai 2021 tunakatwa asilimia 12 humo humo kwenye bando). Dakika kumi tu kazi imeisha, nikafurahi, nikaenda kunywa chai. Kurudi nasoma: "mkungu wa matokeo elfu ishirini."

Banange, mama kasema matooke, zile ndizi za kupika! Programu hailijui hilo neno basi ikachukua la jirani yake, na mama wa watu akawa anauza matokeo, sijui ya mtihani gani. Nyabo, yaani bibi kwa Luganda, ikawa nyavu. Mukene, wale dagaa, ikawa kitu nisichoweza hata kukitamka. Na alipoingia kwenye Luganda, sentensi nzima imerukwa, hakuna hata nukta ya kukuonyesha kwamba hapa kuna maneno yameachwa, na huko kuchanganya ndiko ninakokifanyia utafiti! Mashine imenifulia data yangu ikatoa doa lote, kumbe doa ndilo nililokuwa nalitafuta.

Tena matokeo sina shida nayo sana, ile unaicheka unarekebisha. Kinachonitisha ni pale ilipoandika sentensi nzuri, sanifu kabisa, ambayo mama hakuisema. Ilibidi nisikilize upya mwanzo mpaka mwisho, siku mbili zikaenda. Kwa kalamu na headifoni ningemaliza kwa siku moja.

Basi nikasema labda kwenye marejeo nitapata nafuu. Nikaiuliza ile programu ya kuchati inipe maandiko kuhusu Kiswahili Uganda, ikanipa saba, yana majina ya waandishi, miaka, mpaka kurasa. Nikazunguka maktaba, matano hayako popote duniani, na moja jarida lipo kweli ila ukurasa uliotajwa una makala ya mambo ya udongo. Baadaye ndo nikaelewa kwamba kinachofanyika mle ndani ni kubahatisha neno linalofuata, kama haijaunganishwa na mahali pa kutafutia itakutungia tu, kwa adabu zote. Habari za Amin kutangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973 nilikuja kuzisoma kwenye magazeti ya zamani aliyonishushia mzee wa maktaba kutoka rafu ya juu, yana vumbi mpaka nikapiga chafya.

Mhariri, Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Sawa. Lakini Kiswahili ambacho hizi programu zinakijua ni cha taarifa ya habari, cha Kalerwe bado, na sisi tunaokiandika kwa mkono tunaonekana wazembe. Ninachoomba kwa vyuo ni kidogo: msitulazimishe kuambatanisha maandishi ya mashine kwenye ripoti, na hela ya semina hizo mtupe nauli ya boda tukarudie kwa wahojiwa. Nina kina mama wengine tisa wa kuwarekodi, na mvua zimeanza.

Mwanafunzi wa uzamili,
Kampala